Zisome Taa Kabla ya Kuondoa Gari

*Haya ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya madereva wa idara, wahudumu wa ambulensi, mafundi na wananchi wenye magari. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.*

Nawashukuru wakuu wa idara waliokubali magari yasimame kwa asubuhi moja, na zaidi nawashukuru ninyi mlioyaleta. Kwa wazee wangu wa usukani, mlioanza kuendesha kabla mimi sijaanza shule, shikamooni. Sikuja kuwafundisha kuendesha. Nimekuja kuzungumzia vitu vilivyomo ndani ya magari ya siku hizi ambavyo aliyekukabidhi ufunguo huenda hakuvitaja, pengine kwa sababu yeye mwenyewe hakuambiwa.

Kazi yangu ni kuandika taarifa za kaunti. Kuna sentensi moja ambayo kila afisa wa mawasiliano nchini anaijua kwa moyo: "dereva alishindwa kulidhibiti gari." Tunaiandika kwa sababu ni fupi, na kwa sababu haifai kumlaumu mtu kabla polisi hawajamaliza uchunguzi. Lakini mimi imenichosha, maana haielezi chochote. Alishindwa vipi? Aliikanyaga breki ikatetemeka, akaogopa, akaiachilia? Kulikuwa na taa ya njano iliyowaka kwenye dashibodi tangu mwezi uliopita, na kila mtu akaizoea? Kwa hesabu za NTSA, katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekufa barabarani nchini Kenya kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la watu waliokuwa wakitembea kwa miguu. Nyuma ya wengi wao kuna sentensi kama hiyo yangu.

Kwa nini tuzungumze sasa? Kwa sababu magari yamebadilika chini ya miguu yetu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na magari mengi ya mtumba tunayonunua yanatoka Japani kupitia bandari ya Mombasa. Hesabu mwenyewe. Subaru walianza kuuza mfumo wao wa EyeSight huko Japani mwaka 2008. Toyota walileta Toyota Safety Sense mwaka 2015, na Honda nao wakaleta Honda Sensing wakati huohuo. Kuanzia Novemba 2021, Japani ikaamuru kila toleo jipya la gari dogo linalotengenezwa nchini humo liwe na breki inayojikanyaga yenyewe. Maana yake ni kwamba magari tunayoyaona leo pale Mtwapa na Mariakani, hata yale madogo ya kupelekea watoto shule, mengi yana macho. Mtu amenunua gari lenye macho naye hajui kama linaona, wala hajui lini limepofuka.

Kitufe na ukumbi wa harusi

Tuanze na kuwasha, maana hapo ndipo tunapokimbia sana. Ufunguo wa kuzungusha unaondoka, umekuja ufunguo wa rimoti unaokaa mfukoni na kitufe kilichoandikwa START. Utaratibu wenyewe ni mwepesi: uwe na rimoti ndani ya gari, gia iwe kwenye P, kanyaga breki kwa uthabiti, bonyeza kitufe mara moja. Katika Toyota nyingi, taa ndogo ya kitufe hugeuka kijani ukikanyaga breki, kukwambia kwamba gari limeutambua ufunguo na liko tayari. Ukibonyeza bila kukanyaga breki, injini haiwaki. Hapo ndipo mtu anasema gari limeharibika, anapiga simu kwa fundi, fundi anakuja na pikipiki, anakanyaga breki, anabonyeza, anadai shilingi mia tano. Halali yake, amechoma mafuta.

Lakini mimi nawaomba, mara ya kwanza asubuhi, mbonyeze makusudi bila breki. Bonyeza mara moja, redio itawaka. Bonyeza tena, dashibodi yote itawaka kama ukumbi wa harusi. Injini bado imelala. Sasa tulia, uitazame.

Katika sekunde hizo chache gari linajipima. Kompyuta inauliza kila mlinzi kama yupo kazini: breki za ABS, mifuko ya hewa, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, kamera ya mbele. Kila taa inatakiwa iwake, halafu nyingi zizime zenyewe. Taa ya mafuta ya injini na ile ya betri zitabaki hadi injini iwake, na ya breki nyekundu itabaki kama hendibreki imevutwa. Hizo ni kawaida. Zilizobaki zikiwaka zikazima, mlinzi yupo. Ikiwaka ikagoma kuzima, mlinzi ni mgonjwa.

Na ikiwa haikuwaka kabisa? Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa mnaotaka kununua gari. Taa ya mfuko wa hewa isiyowaka hata kidogo ni mbaya kuliko inayowaka bila kuzima. Gari lililogonga na mifuko yake ikafumuka linaweza kufunikwa kifuniko kipya kizuri, ndani hakuna kitu, na taa ya dashibodi ikang'olewa au ikazibwa ili mnunuzi asijue. Muuzaji atakwambia, "unaona, gari safi, hakuna taa hata moja." Ndiyo, hakuna hata moja, na ndilo tatizo. Ukienda kukagua gari, usikubali likuletewe likiwa tayari linanguruma. Omba lizimwe, uliwashe mwenyewe, uhesabu taa zikija na zikiondoka.

Rangi zinasema kwa lugha tunayoijua tayari. Nyekundu ni simama, usiendelee na safari. Njano ni kwamba kitu fulani hakifanyi kazi au kimezimwa, nenda polepole ukatafute fundi. Kijani na samawati ni habari tu. Taa ya njano ya ABS haizuii gari kwenda, na ndiyo maana inaweza kukaa mwaka mzima. Breki ya kawaida ipo, gari linasimama, mtu anasema mambo yako sawa. Yako sawa hadi siku ya mvua ya kwanza, barabara ina mafuta ya malori, na mbele yako kuna punda.

Mengine ya kuwasha niyapitie upesi. Betri ndogo ya rimoti ikiisha, gari halijafa. Ndani ya rimoti nyingi kuna ufunguo mdogo wa chuma wa kufungulia mlango, na katika Toyota na Nissan nyingi unaigusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe huku umekanyaga breki, kisha unabonyeza. Usukani ukiwa umejifunga, uchezeshe kushoto na kulia huku ukibonyeza. Injini ikishawaka, sekunde 30 hadi dakika moja zinatosha kabla ya kuondoka taratibu. Ile desturi ya kuliacha linguruma robo saa ilikuwa na maana yake enzi za kabureta. Na ile sauti ya dada wa Kijapani inayokusalimu kila asubuhi, wengi mnaiogopa bure. Mara nyingi anasema kadi ya ETC haijaingizwa, yaani kadi ya kulipia barabara kuu za huko kwao. Muacheni aseme. Maandishi ya Kijapani yanayotokea kwenye dashibodi, hayo ndiyo msiyapuuze. Yapigeni picha kwa simu na mtumie programu ya kutafsiri. Inachukua nusu dakika, na ujumbe wenyewe unaweza kuwa kwamba kamera ya mbele imezimika.

Magari ya haibridi yana hatari yake, nayo ni ukimya. Ukibonyeza START injini huenda isisikike kabisa, ila linatokea neno READY. Neno hilo maana yake gari liko tayari kwenda, ukigusa pedali linakwenda. Kuna watu wanaoshuka, rimoti mfukoni, mtoto amebaki kiti cha mbele anacheza na gia, na gari liko READY. Pia injini ya haibridi hujiwasha yenyewe betri ikipungua. Ukiliacha hivyo kwenye gereji iliyofungwa iliyoungana na nyumba, moshi unaingia ndani watu wamelala. Huko Marekani watu wamekufa hivyo, kwa magari ya kitufe ambayo wenyewe walidhani wameyazima. Weka P, bonyeza kitufe, hakikisha dashibodi imekuwa giza, ndipo ushuke.

Dereva mmoja wa ambulensi aliniuliza wiki iliyopita: "Ufunguo wa zamani, pedali ya mafuta ikinasa nauzungusha nazima. Kitufe je?" Swali zuri sana, na kila dereva wa gari la kitufe alijue jibu lake kabla ya siku ya haja. Ukibonyeza mara moja gari likiwa mwendoni, halizimi, limetengenezwa hivyo ili usilizime kwa bahati mbaya. Katika Toyota unabonyeza na kushikilia kwa sekunde 2 au zaidi, au unabonyeza haraka haraka mara 3 au zaidi. Lakini kwanza kanyaga breki kwa nguvu zote na utie gia N. Injini ikizima, usukani utakuwa mzito na breki itakuwa ngumu, kwa hiyo usiziachilie, shikilia na utoe gari pembeni. Magari mengine yana tofauti kidogo, kitabu cha gari lako kinasema.

Breki inayotetemeka

Sasa walinzi wenyewe. Wa zamani kuliko wote kati ya hawa wa kompyuta ni ABS. Kampuni ya Bosch iliuleta mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz, kwa hiyo si kitu kigeni, lakini bado kuna madereva wazuri wanaoutumia vibaya kwa sababu walijifunza kwenye magari yasiyo nao. Tulifundishwa kupampu breki, kanyaga, achilia, kanyaga, ili tairi zisijifunge. ABS inafanya kazi hiyo yenyewe, mara nyingi kwa sekunde, kuliko mguu wa binadamu yeyote. Wewe kanyaga kwa nguvu zako zote, usiachilie, na upinde usukani kukwepa. Pedali itatetemeka na kugonga chini ya mguu wako kama kuna kitu kimevunjika. Hakuna kilichovunjika. Ule mtetemo ndio ABS ikifanya kazi. Anayeachilia breki kwa kuogopa mtetemo ameufukuza msaada pale pale alipouhitaji. Tafuteni uwanja mtupu wenye changarawe, mwende kilomita 30 kwa saa, mkanyage hadi mwisho, muusikie mtetemo huo mara moja maishani mkiwa salama. Mjue pia kwamba kwenye mchanga na changarawe gari lenye ABS linaweza kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Faida yake hapo ni kwamba bado linakusikiliza ukilipinda.

Ndugu yake ABS ni mfumo wa kuzuia kuteleza, ule wenye picha ya gari lililoacha alama za nyoka nyuma yake. Unapima kama gari linaelekea kule usukani unakolielekeza, na lisipoelekea unabana breki ya tairi moja moja na kupunguza nguvu ya injini. Kuna kitufe cha kuuzima, na watu wa Pwani tuna sababu halali ya kukitumia: ukikwama mchangani, mfumo huo unakata nguvu za injini kila tairi ikizunguka bure, na hutoki. Zima, toka, kisha washa tena. Wengi tunasahau ile "washa tena."

Breki ya kujikanyaga ndiyo inayopendwa kusimuliwa. Kamera iliyo juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kioo cha ndani cha kuangalia nyuma, inatazama barabara. EyeSight inatumia kamera mbili, kama macho mawili, na kwa tofauti ya picha zake inajua umbali. Toyota nyingi zinatumia kamera moja pamoja na rada iliyofichwa nyuma ya nembo ya mbele. Mfumo ukiona unalikaribia gari jingine kwa kasi isiyo na maelewano, kwanza unapiga kelele na kuonyesha onyo kwenye dashibodi. Ukikanyaga breki, unakuongezea nguvu. Usipofanya kitu, unakanyaga wenyewe dakika ya mwisho. Katika foleni ya pale Mtwapa, wakati dereva ameangalia simu, umeokoa bampa nyingi na shingo nyingi.

Lakini macho hayo yalifundishwa kutambua magari, na baadaye watu na baiskeli. Baadhi ya mifumo ya miaka ya mwanzo hutambua magari tu. Mingine humtambua mtembea kwa miguu mchana, usiku haimwoni. Mbuzi wa Kaloleni hawamo katika masomo yake. Punda, ng'ombe, mkokoteni uliobeba madumu, boda boda anayekuja upande wako bila taa, tuta lisilopakwa rangi, shimo: usitegemee mfumo wowote kati ya hii uvione. Na jua likiwa chini, kamera inapofuka kama wewe. Ukitoka Mazeras kuelekea Mariakani saa kumi na moja jioni, jua liko usoni mwako na usoni mwa kamera pia. Mvua kubwa, ukungu, vumbi la lori lililo mbele yako, kioo chenye matope, vyote ni hivyo hivyo. Magari mengi yatakwambia kwa taa ya njano kwamba kamera haioni, na ndiyo maana nimesema tuzoee kuzisoma taa.

Kuna mahesabu nataka tuyafanye pamoja, maana yanahusu jambo linalotuua usiku: lori lililokufa katikati ya barabara, bila taa, na matawi machache yamewekwa nyuma yake kama onyo. Taa zako za chini zinamulika kama mita 40. Ukiwa unakwenda kilomita 80 kwa saa, unakula mita 22 kila sekunde. Uone lori, ubongo uelewe, mguu uhame, sekunde moja imekwisha, mita 22 zimekwenda. Kisha breki nzuri kwenye lami kavu inahitaji kama mita 35 nyingine. Jumla 57. Ulikuwa na 40. Kwa kilomita 50 kwa saa, ni mita 14 za kufikiri na kama 14 za kusimama, jumla 28, na unabaki na nafasi. Hakuna kamera inayoweza kuipunguza hesabu hiyo kwa kiasi unachodhani, na vitabu vingi vya magari vinaonya waziwazi kwamba mfumo wa kujiendesha kwa kasi moja unaweza kushindwa kulitambua gari lililosimama. Wanaofanya safari za usiku kupeleka wagonjwa Mombasa, najua mnaharakishwa. Najua king'ora kinakupa haki ya njia. Taa hakikuongezei hata mita moja.

Mfumo wa kukuonya ukitoka kwenye mstari unahitaji mstari. Kwenye lami mpya yenye rangi nyeupe unafanya kazi vizuri, na kwa dereva mwenye usingizi ni neema. Bahati yetu, Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Kwenye barabara iliyofutika rangi au isiyo na kingo, mfumo unanyamaza, na kunyamaza kwake si idhini. Wengine wanauzima kwa sababu kelele zinawaudhi. Mimi nawaambia, kabla hujauzima, jiulize kelele hizo zilikuja mara ngapi na ulikuwa unafanya nini. Indiketa ukiitoa kabla ya kuhama njia, haupigi kelele.

Wa kutazama pembeni, wenye taa ndogo kwenye vioo vya nje, ndio ambao kama ningeruhusiwa kuchagua mmoja tu kwa miji yetu ningeuchagua. Boda boda hupita kila upande, na dereva wa gari pana hamwoni. Hata hivyo boda anayekuja kwa kasi sana anaweza kufika kabla ya taa kuwaka. Geuza shingo. Na kamera ya nyuma isafishe kwa kitambaa kila asubuhi. Uani kuna watoto, na mtoto wa miaka miwili ni mfupi kuliko dirisha la nyuma la gari lolote lililoegeshwa hapa leo.

Mzee mmoja wa idara ya maji aliniambia mifumo hii yote anaiona kama utingo. Utingo mzuri anapiga bati, anapaza sauti, "dereva, kushoto!" Lakini utingo hana leseni, na ajali ikitokea polisi hawaandiki jina lake kwenye kitabu. Nimelichukua neno lake bila kumlipa.

Kwa mafundi na wenye kupamba magari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mambo mengi mabaya tunayafanya wenyewe kwa nia njema.

Kioo cha mbele kikipasuka kwa jiwe la Kaloleni na kikabadilishwa, kamera imetolewa na kurudishwa. Ikikaa vibaya kidogo tu, huko mbele mita 50 itakuwa inatazama njia ya jirani. Ni lazima ipimwe upya kwa mashine na mbao za alama zinazowekwa mbele ya gari. Fundi asiye na vifaa hivyo aseme ukweli, na mteja amwulize kabla ya kulipa. Vilevile kwa bampa iliyogongwa na kunyooshwa vizuri hadi huoni alama: rada iliyo nyuma yake huenda imeinama.

Tunapenda kuinua magari ya Japani kwa kuweka vyuma juu ya springi, tuvuke matuta na mashimo. Ninaelewa, nimeziona barabara za ndani. Lakini gari likiinuliwa, kamera na rada vinainuka na pembe yake inabadilika, na tairi kubwa kuliko zilizoandikwa kwenye mlango zinalidanganya gari kuhusu kasi yake. Halafu kuna ile bulba ya chuma mbele ya gari. Inaziba rada, inaweza kuvuruga wakati wa mifuko ya hewa kufumuka, na ikimgonga mtu, chuma hakina huruma ya bampa ya plastiki. Nembo ya mbele iliyopotea isibadilishwe kwa yoyote ya rangi nzuri, maana ile ya asili ilitengenezwa rada ipite. Tasbihi, rozari na viatu vya mtoto vinavyoning'inia kwenye kioo cha kati, vishusheni au viondoeni mbele ya kamera. Dini haikatazi kuviweka mfukoni.

Na mkanda. Nils Bohlin wa Volvo aliutengeneza huu wa pointi tatu mwaka 1959, na kampuni ikawaachia wengine wautumie. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2004, kanuni za marehemu waziri John Michuki zilipoanza, jinsi abiria walivyocheka kufungwa kama mizigo. Leo nawaona watu wanaonunua kile kipande cha chuma cha kuchomeka kwenye tundu la mkanda ili gari liache kulia. Mfuko wa hewa ulipigiwa hesabu ya mtu aliyefungwa mkanda. Asiyefungwa anarushwa mbele na kukutana nao ukiwa katikati ya kufumuka.

Nimezungumza vya kutosha. Magari manne yako uani, matatu ya kitufe na moja haibridi. Tutagawanyika makundi manne. Kila mtu ataketi kwenye usukani, atabonyeza mara mbili bila breki, atahesabu taa kwa sauti, na mwenzake aliye kiti cha pembeni ataandika zilizowaka, zilizozima na zisizowaka kabisa. Karatasi ziko mezani pale. Mafundi wetu wa karakana wamekubali kubaki hadi saa saba, kwa hiyo taa yoyote isiyozima leo isiondoke hapa bila jina la mtu wa kuifuatilia. Waliokuja na magari yao binafsi pia wanakaribishwa. Leteni kitambaa, kuna maji pale bombani, tuanze na vioo.